Kupima kaunti ya mjini kabla ya kuhamia kulima na kufuga: mwongozo kamili

Mtu anayetaka kula alichopanda, kufuga kuku wake na kuvuna maji ya paa lake huambiwa ahame mji. Ushauri huo una mantiki, lakini unawaacha kando watu wengi ambao kazi yao, shule ya watoto au mzazi wanayemtunza vyote viko mjini. Naamini kabisa kwamba kaunti iliyojaa nyumba na barabara inaweza kuilisha familia sehemu kubwa ya mboga, matunda na mayai yake, mradi imechaguliwa kwa kupimwa. Kinachoumiza watu ni mpangilio wa kupima. Wanaona kiwanja, wanaupenda mwembe au mtufaa ulio nyuma ya nyumba, wanachota udongo mkononi, wananunua. Habari za sheria, maji na ghorofa la jirani zinawafikia baadaye, wakati fedha imekwisha kutoka.

Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia moja: tunaanza na yale ambayo mwenye kiwanja hawezi kuyabadilisha, tunamalizia na yale anayoweza. Mji wa Havana unaonyesha kwa nini. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991 na chakula kikaadimika Kuba, watu walilima hadi kwenye viwanja vya vifusi, wakijaza udongo na mboji ndani ya kingo za matofali. Ardhi ile ilikuwa mbovu na bado ilitoa mboga kwa wingi. Kilichohitajika kwanza ni serikali kuwaruhusu kutumia viwanja vitupu.

Hatua ya 1: Andika unachotaka kuvuna, kwa kilo

Kabla ya kulinganisha kaunti, jua unalinganisha kwa ajili ya nini. "Kujitegemea" peke yake hakupimiki. Chukua karatasi upige hesabu.

Mtu mzima hutumia takriban kilokalori 2,200 kwa siku, yaani zaidi ya 800,000 kwa mwaka. Kilo moja ya nafaka kavu ina takriban 3,500. Ukitaka kumlisha mtu mmoja kwa nafaka tupu utahitaji kama kilo 230, na shamba linalotoa tani 3 kwa hekta litataka mita za mraba zipatazo 770 kwa ajili yake peke yake. Familia ya watu watano inakaribia mita za mraba 4,000 kabla hujatenga nafasi ya nyumba. Mjini eneo hilo ni la bei ya kutisha karibu kila mahali.

Sasa geukia mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa mtu kwa siku, ambazo kwa mwaka ni kilo 146. Bustani iliyotunzwa vizuri, ikitoa kilo 3 tu kwa kila mita ya mraba, inahitaji kama mita 50 za mraba kwa mtu. Eneo hilo linapatikana hata nyuma ya nyumba ya kawaida. Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: mjini lima mboga, matunda na viungo, fuga kuku wa mayai, pengine na nyuki, na nafaka ununue. Ambaye hawezi kuridhika bila ng'ombe na shamba la nafaka aache kupima kaunti za mjini, atafute ardhi pembeni. Hakuna kosa kuchagua hivyo.

Kuku nao wana hesabu yao. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku. Kuku sita wanamaliza karibu kilo 250 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya hizo utazinunua. Uliza mapema chakula cha mifugo kinapatikana umbali gani na kwa usafiri gani, kwa sababu kaunti nyingine zimejengwa kiasi kwamba duka la aina hiyo halipo tena.

Hatua ya 2: Soma sheria, na usome inakoelekea

Hii ndiyo hatua ninayowasihi watu waipe muda mrefu kuliko zote. Katika kaunti ya mjini, kiwanja kimoja huwa chini ya mamlaka kadhaa kwa pamoja: kanuni za kaunti, sheria ndogo za mji au manispaa iliyo ndani yake, na masharti yaliyoandikwa kwenye hati ya kiwanja au kwenye katiba ya jumuiya ya wakazi wa mtaa huo. Kwa kawaida yale makali zaidi ndiyo yatakayokubana. Kaunti inaweza kuruhusu kuku wanane, na katiba ya mtaa ikakataza hata mmoja. Muuzaji hatakueleza. Omba nakala ya hati na masharti yote yanayoambatana nayo, uyasome mwenyewe mstari kwa mstari.

Nenda ofisi ya mipango na maswali yaliyoandikwa. Kiwanja hiki kimepangiwa matumizi gani? Kilimo ni matumizi halali hapa au kinavumiliwa tu? Kuku, sungura, mbuzi na mizinga ya nyuki vinaruhusiwa vingapi, na banda likae umbali gani kutoka mpaka na kutoka dirisha la jirani? Jogoo anaruhusiwa? Naweza kuchinja nyumbani? Banda, nyumba ya plastiki au kioo ya kukuzia mboga na tangi kubwa vinahitaji kibali? Mboga zikizidi, naweza kuziuza mlangoni kwangu? Na uani mbele ya nyumba naweza kupanda mboga, au lazima pawe na nyasi? Swali hili la mwisho watu hulidharau, ilhali mara nyingi jua zuri la kiwanja kizima liko mbele ya nyumba.

Omba majibu kwa maandishi. Afisa mkarimu aliyekuambia "hakuna shida" anaweza kuhamishwa kesho, na atakayemrithi atasoma kanuni, hatasikiliza maelezo yako.

Kisha tazama sheria inaelekea wapi. Jimbo la Michigan nchini Marekani lina mfano mzuri wa pande zote mbili. Tangu 1981 lilikuwa na sheria ya kuwakinga wakulima dhidi ya mashtaka ya kero, na wafugaji wadogo wa mijini waliitegemea. Mwaka 2014 kanuni zake zilibadilishwa, na wenye mifugo katika maeneo ya makazi wakapoteza kinga hiyo. Wakabaki kutegemea kile ambacho serikali ya mahali pao inaruhusu. Katika jimbo hilohilo, mji wa Detroit ulipitisha mwaka 2013 sheria iliyotambua bustani na mashamba ya mjini kama matumizi halali ya ardhi, ila ya kuku, bata na nyuki ilisubiri hadi 2024. Mtu aliyehamia katikati ya mabadiliko hayo bila kusoma mwelekeo angeweza kuumia au kunufaika kwa bahati tu. Soma kumbukumbu za vikao vya baraza vya miaka michache iliyopita. Utaona malalamiko ya kuku yanaongezeka au yanapungua, na madiwani wanayapokeaje.

Na usidhani mvua ni yako kwa kuwa imeanguka juu ya paa lako. Colorado, jimbo jingine la Marekani ambako haki za maji zimegawanywa tangu zamani, ilifungua mlango kwa kaya za kawaida mwaka 2016 tu, na kwa mapipa mawili yenye jumla ya galoni 110, kama lita 416. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa bustani ya kulisha familia. Swali la maji ya mvua liulizwe siku ileile unapouliza la kuku.

Hatua ya 3: Fungua ramani ya miaka 20 ijayo

Ofisi nyingi za mipango zina ramani mbili: ya hali ilivyo na ya hali inavyokusudiwa kuwa. Unayoihitaji zaidi ni ile ya pili. Tafuta barabara zitakazopanuliwa, njia za reli, mabomba makuu ya majitaka, na hasa urefu wa majengo unaoruhusiwa kwenye viwanja vinavyokuzunguka. Nyumba ya chini ya jirani yako leo haikuhakikishii kitu kama kiwanja chake kimepangiwa ghorofa nne.

Mahali pengine ramani hii ni nzito kisheria. Katika jimbo la Oregon, Marekani, kwa mfano, tangu sheria yake ya mwaka 1973, miji hutakiwa kuweka mpaka wa ukuaji. Ardhi iliyo ndani ya mpaka inakusudiwa kujengwa, iliyo nje inalindwa kwa kilimo na misitu. Viwanja viwili vilivyotenganishwa na barabara moja vinaweza kuwa na mustakabali tofauti kabisa, na kodi ya ardhi tofauti. Kiwanja kinachothaminiwa kama ardhi ya kujenga hutozwa kodi kwa thamani hiyo hata kama umepanda mchicha tu. Uliza kodi ya miaka mitano iliyopita uone inavyopanda.

Hatua ya 4: Pima jua

Mazao ya matunda kama nyanya, pilipili na maboga yanataka jua la moja kwa moja la saa 6 hadi 8. Mboga za majani zinastahimili saa 3 au 4. Chini ya hapo utapata mashina marefu na majani membamba, hata uweke samadi kiasi gani.

Kivuli kinapigiwa hesabu bila kusubiri mwaka mzima. Chukua 90, toa latitudo ya mahali, kisha toa 23.4. Umepata pembe ya jua la adhuhuri katika siku yake mbaya zaidi ya mwaka. Kwenye latitudo ya 40 jibu ni nyuzi 26.6, na kwa pembe hiyo kivuli ni mara mbili ya urefu wa kitu. Ghorofa la mita 12 litatupa kivuli cha mita 24. Hicho kinaweza kufunika kiwanja chako chote na cha jirani anayefuata. Kwenye ikweta pembe hiyo ni nyuzi 66.6 na kivuli cha ghorofa lilelile hakifiki mita 6, lakini kinahama: Juni kinaangukia kusini, Desemba kaskazini. Asubuhi na jioni vivuli hurefuka popote ulipo, kwa hiyo jengo la mashariki linakula jua la asubuhi na la magharibi linakula la jioni.

Fanya hesabu hiyo mara mbili, moja kwa majengo yaliyopo na nyingine kwa urefu unaoruhusiwa na ramani ya hatua ya 3. Hesabu ya pili ndiyo ya kuamulia.

Hatua ya 5: Maji yanayoingia na maji yanayotoka

Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 mahali penye mvua ya milimita 600 kwa mwaka hupokea lita 60,000. Toa asilimia 20 zinazopotea, zinabaki 48,000. Bustani ya mita za mraba 100 wakati wa joto na ukavu hunywa kama lita 5 kwa kila mita kwa siku, yaani lita 500 kwa siku. Maji yako yote ya mwaka yanatosha siku 96.

Lita hizo 48,000 zinasikika nyingi mpaka uulize zitakaa wapi. Ukame wa siku 60 unataka tangi la lita 30,000, na tangi hilo ni kubwa, zito, linahitaji msingi, na kwa kiwanja kidogo linakula nafasi ya bustani. Kwa hiyo usiulize tu inanyesha kiasi gani kwa mwaka. Uliza kiangazi kirefu kabisa hudumu siku ngapi, maji ya bomba hukatwa mara ngapi wakati huo, na kama kaunti huzuia kumwagilia bustani wakati wa ukame. Kaunti yenye mvua kidogo iliyosambaa mwaka mzima inaweza kukufaa kuliko yenye mvua nyingi ya miezi miwili. Kagua na paa lenyewe. La asbesto lililochakaa au lililopakwa rangi ya zamani yenye risasi (metali yenye sumu) halifai kuvunia maji ya mboga.

Upande wa pili wa hatua hii husahaulika. Katika kaunti iliyosakafiwa, maji hayanywewi na ardhi. Yanakimbia kwenye lami yakitafuta mahali pa chini. Fika kwenye kiwanja mvua ikiwa inanyesha kwelikweli, usimame nje na mwavuli, uone mtaro unabeba nini na kama unafurika kuelekea kwako. Maji hayo hubeba mafuta ya magari na kinyesi cha mbwa. Tazama pia alama za maji kwenye kuta za majirani. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yanyonywe, lijaze tena upime. Yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 kwa saa, mizizi itakosa hewa msimu wa mvua, na utalazimika kuinua matuta.

Hatua ya 6: Udongo, kuanzia historia yake

Udongo wa mjini una mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya: ubora na usafi. Ubora unajengwa. Usafi inabidi uuchunguze.

Anza na historia. Hapa palikuwa na nini? Kituo cha mafuta, gereji, kiwanda cha ngozi, dobi wa kutumia kemikali, bustani ya matunda ya zamani iliyopuliziwa dawa za risasi na aseniki? Picha za zamani za kutoka angani, hati za umiliki na wazee wa mtaa watakueleza mengi. Penye historia ya mafuta ya petroli au kemikali za dobi, ushauri wangu ni kuondoka. Mvuke wa vitu hivyo hupanda hadi ndani ya nyumba, na tuta la juu haliuzuii.

Sumu inayokutwa zaidi ni risasi. Imetoka kwenye rangi za kuta, ambazo Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na kwenye petroli, ambayo nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Risasi haiozi wala haisombwi kirahisi. Iliyoanguka miaka 50 iliyopita iko palepale, kwenye tabaka la juu. Ndiyo maana sampuli zisichanganywe zote. Chukua ya upande wa barabara peke yake, ya kando ya kuta peke yake, ya mahali pa bustani na ya mahali kuku watakapochakura. Katika kila eneo chota sehemu kadhaa hadi kina cha sentimita 15, changanya, peleka maabara. Mwaka 2024 Marekani ilishusha kiwango cha tahadhari kwa udongo wa makazi kutoka miligramu 400 hadi 200 kwa kilo. Tumia 200 kama mstari wako pale nchi yako isipokuwa na mkali zaidi.

Majibu yakiwa ya wastani, kuna njia: matuta yaliyoinuliwa yenye udongo safi juu ya kitambaa cha kutenganisha, matandazo kwenye njia ili vumbi lisipande, mazao ya matunda kuliko ya majani na mizizi, na kuosha kila kitu. Hatari kubwa ni vumbi na mikono ya watoto. Kwa kuku sina huruma na udongo mchafu, maana wao hula udongo siku nzima na risasi hiyo huingia kwenye yai.

Ubora hauhitaji maabara. Jaza udongo theluthi ya chupa pana ya kioo, ongeza maji na tone la sabuni, tikisa kwa nguvu, weka mezani. Mchanga unazama ndani ya dakika moja hivi. Tope laini linafuata kwa saa chache, na mfinyanzi unabaki ukiyatia maji ukungu hadi kesho au keshokutwa. Matabaka yakitulia, yapime kwa rula. Hata chupa ikikuonyesha mfinyanzi mtupu, usikikatae kiwanja kwa sababu hiyo.

Hatua ya 7: Hesabu mji unakupa nini

Wengi hupima hasara tu za mjini, na hapo huuonea mji. Wateja wa mboga za ziada wako hatua chache. Majani makavu, vipande vya matawi vya wakata miti, machicha ya kahawa na mabaki ya mboga sokoni hupatikana kwa urahisi, na mboji ya mwaka mzima inaweza kujengwa na vitu ambavyo wengine wanalipa viondolewe. Hospitali, daktari wa mifugo na fundi wako karibu, na hata mshahara unabaki.

Samadi na nyasi kavu za kutoka nje zina tahadhari moja. Baadhi ya dawa za kuua magugu hupita tumboni mwa mnyama na kubaki na nguvu ndani ya samadi kwa muda mrefu. Kabla ya kuieneza, ichanganye na udongo safi kwenye makopo matatu, na makopo mengine matatu yawe na udongo safi peke yake, kisha panda maharage katika yote. Subiri wiki tatu. Majani ya kwenye samadi yakijikunja na kusokoteka huku mengine yakiwa sawa, irudishe ilikotoka.

Majirani wapimwe pia. Pita mtaani asubuhi, jioni na mwisho wa wiki. Ukiona bustani nyingine na kusikia kuku, una watu wa kuwauliza. Kuku hutaga bila jogoo, basi usigombane na mtu kwa ajili yake.

Hatua ya 8: Amua

Usitoe alama kwa kila kitu kisha ukatafuta wastani. Kaunti yenye udongo bora na wateja wengi bado haikufai ikiwa inakataza mifugo uliyoiandika kwenye hatua ya 1. Weka mambo manne ya kukataa moja kwa moja: sheria, jua, mafuriko na sumu. Kaunti au kiwanja kinachoshindwa hata kimoja kati ya hivyo kitoke kwenye orodha. Zilizobaki zilinganishe kwa kodi, maji, umbali wa kazini na majirani.

Ukiweza, panga nyumba katika kaunti uliyoichagua kwa msimu mmoja wa kilimo na ukodi kitalu kwenye bustani ya jamii. Utajifunza wadudu wa huko, kiangazi chake na watu wake bila kuwa umejifunga. Ikifika siku ya kununua, mkataba wa mauziano uwe na masharti mawili: majibu ya maabara ya udongo yawe chini ya kiwango ulichokitaja, na barua ya ofisi ya mipango ithibitishe idadi ya mifugo na ukubwa wa banda na tangi. Andika wazi kwamba lolote kati ya hayo likikosekana malipo ya awali yanarudishwa yote, na usilipe sehemu ya pili kabla barua hiyo haijafika mkononi mwako.